Usiku unapotea wapi? Picha zangu za watu wa Kariakoo zinatoka kama za mchana

#1 Kinyozi wa Msimbazi
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni kinyozi. Nafunga kibanda saa 4 usiku, na kabla ya kurudi nyumbani nazunguka na kamera: naanzia Msimbazi, nakata Mtaa wa Kongo, natokea Lumumba mpaka Mnazi Mmoja. Nafanya hivi mwezi wa nne sasa. Nawapenda watu wa saa zile. Muuza kahawa aliyebakiwa na makaa mawili jikoni. Kijana aliyelala juu ya marobota akisubiri fuso. Mama anayehesabu hela za siku, simu ameibana kidevuni ili tochi immulike mikononi. Simjui hata mmoja, nao hawanijui. Nikiwa pale picha naiona kabisa. Nikifika nyumbani nikaifungua, nakuta mtu uso mzima unang'aa, nyuma yake mbao za matangazo rangi kumi na tano, kama nimepiga saa 8 mchana siku ya mawingu. Usiku wenyewe haumo.

Kamera ni Canon 600D ya mtumba, lenzi 50mm f/1.8, kila kitu nimeiachia ijipangie. Mdogo wangu anapiga kwa simu yake mpya na za kwake ndiyo zinatoka nyeupe zaidi.

Swali langu ni hilo moja: usiku unapotea wapi? Kwenye kamera, kwenye taa za siku hizi, au kwangu mwenyewe?

#2 Fundi Lenzi
Kwenye kamera, mkuu, na dawa yake ni ya dakika moja.

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kama ni usiku. Kimefundishwa kwamba kila kinachokiona kwa wastani kiwe kijivu cha katikati. Ukikielekeza kwenye ukuta mweupe kinautia giza, ukikielekeza kwenye kichochoro cheusi kinakipandisha mpaka kiwe kijivu. Hiyo ndiyo saa 8 mchana yako. Toka kwenye otomatiki, weka Av (wewe unachagua uwazi wa lenzi, kamera inachagua kasi), f/1.8 ambayo ni wazi kabisa, kisha shusha mwanga hatua moja na nusu au mbili chini ya pale kamera inapotaka; kila hatua inakata mwanga nusu. ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, 1600 hadi 3200. Chenga, zile punje punje za picha, zitakuwepo, zisikutie hofu, chenga kwenye giza zinapendeza.

#3 Mtoto wa Temeke
Nimekaa mstari wa mbele. Hizo picha za makaa mawili zilete, tuzione hivyo hivyo zilivyo.

#4 Umeme wa Mtaa
Fundi Lenzi umesema kweli lakini umesema nusu. Mimi ni fundi umeme, nimepandisha ngazi kwenye nguzo za taa tangu 2003, na nawaambia taa zenyewe ndizo zilizobadilika.

Zile taa za zamani za njano, za sodiamu, mwanga wake una joto la rangi kama Kelvin 2000 hadi 2200 hivi; namba ikiwa ndogo mwanga ni wa njano, ikiwa kubwa ni mweupe. Halafu zina sifa mbaya ambayo kwa picha ni sifa nzuri: zinaua rangi. Shati jekundu, kanga ya kijani, gunia la bluu, chini ya sodiamu vyote vinakaribia rangi moja ya kahawia. Mtaa mzima unavaa sare, jicho halina pa kukimbilia ila kwenye mtu na kivuli chake. LED nyeupe, kuanzia 4000 hadi 6500, inatoa kila rangi ilivyo. Kila ubao wa duka unapiga kelele. Na tangu Kariakoo ianze kufanya biashara saa 24 mwaka 2025, mwanga umezidi. Kinyozi anatafuta usiku mahali ambapo usiku umeondolewa kwa makusudi ili watu wauze.

#5 Fundi Lenzi
Umeme wa Mtaa, ingekuwa taa peke yake, basi apige nyeusi na nyeupe, rangi zife zenyewe. Mbona watu wanapiga nyeusi na nyeupe chini ya LED na bado inatoka kama picha ya kitambulisho?

#6 Umeme wa Mtaa
Kwa sababu LED hizo ziko juu, ziko nyingi, na zimepangwa zisiache kivuli. Mwangaza sawa kila upande ni giza lililokufa. Sijasema rangi peke yake.

#7 Muuguzi wa Zamu
Naomba niingie, mimi si mpigapicha ila nafanya zamu za usiku na macho nimeyasomea kidogo.

Nyote mnaongelea kamera na taa, mmesahau jicho. Jicho la mtu lina seli za kuona rangi na seli za kuona gizani. Mwanga ukipungua, zile za rangi zinachoka na zile za gizani zinashika kazi, ambazo rangi hazizijui. Nyekundu inazama haraka kuliko zote, bluu inabaki bado inaonekana. Na hilo linahitaji muda, kama nusu saa hivi kwenye giza ndipo jicho lizoee vizuri. Kwa hiyo kinyozi akisimama kwenye kichochoro anaona dunia iliyopauka, kamera inaona rangi zote sawasawa na za mchana. Picha haidanganyi, inaonyesha tu kitu ambacho yeye hakukiona. Akitaka ifanane na alichokiona, apunguze rangi, hasa nyekundu, wakati wa kuhariri.

#8 Mtoto wa Temeke
Muuguzi shikamoo. Hili sikuwahi kulisikia popote.

#9 Jicho la Ilala
Sawa kwa yote, lakini kinyozi ana tatizo jingine ambalo hamjaligusa. Anaonekana. Watu wakiona kamera wanajiweka sawa, wanashusha mabega, uso unabadilika. Wakubwa wa kazi hii walikuwa wanapiga kwa siri. Yule Brassaï wa Paris alikuwa anavizia watu usiku wa manane, wapenzi, wahuni, wafagizi, hakuna aliyejua kama anapigwa. Ndiyo maana picha zake zina pumzi. Jifiche.

#10 Bibi Kamera
Jicho la Ilala mwanangu, hapo umeteleza na siwezi kuliacha lipite, kwa sababu vijana wengi wanaanza kujificha kwa kumsingizia huyo huyo Brassaï.

Alitembea na kamera ya kutumia bamba za kioo badala ya filamu, ya kuwekwa juu ya miguu mitatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 hapakuwa na ISO 3200. Picha ya mtaa alikuwa anaacha lenzi wazi kwa dakika nzima na zaidi, na inajulikana kwamba muda aliupima kwa sigara, aina moja kwa mwanga fulani, aina nyingine nene kwa giza zaidi. Ndani ya mabaa alitumia unga wa magnesi unaolipuka kwa moshi na mwanga wa radi. Utamvizia nani kwa kitu hicho? Watu walimjua, alikaa nao, alinunua vinywaji, na baadhi walikuwa rafiki zake aliowaomba wakae pale wawe kama wahusika. Ile pumzi unayoiona ni ya watu waliokubali kutulia.

Ukitaka aliyejificha kweli, ni Walker Evans. Kati ya 1938 na 1941 alipiga abiria wa treni za chini ya ardhi za New York, kamera ndani ya koti, lenzi inachungulia kati ya vifungo. Lakini sikiliza alichofanya baadaye: kitabu cha picha zile kilitoka 1966. Ni kama robo karne. Leo kijana anapiga saa 4 usiku, saa 4 na dakika 10 iko mtandaoni.

#11 Jicho la Ilala
Nimepokea bibi, asante kwa kunirekebisha. Lakini Evans umemleta wewe mwenyewe na picha zake ni nzuri, na alijificha. Kwa hiyo hoja yangu haijafa.

#12 Konda Mstaafu
Sikupanga kuchangia, nasoma tu. Nimeandika na kufuta mara tatu.

Mwaka 2016 nilikuwa konda njia ya Gongo la Mboto. Siku moja usiku tumemaliza kupakia, nikakaa kiti cha dirishani, nikaegemeza kichwa kwenye kioo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Miaka mitatu baadaye rafiki yangu ananitumia picha: ni mimi. Kioo kina matone, taa ya kituo imekuwa duara nyekundu pembeni ya sikio langu, macho nimefumba, hela za nauli nimezikunja vidoleni. Chini aliyeiweka ameandika maneno mawili, uchovu wa jiji.

Sikuwa nimechoka. Siku nne kabla tulikuwa tumemzika baba, nikarudi kazini kwa sababu gari lilikuwa linataka hesabu. Nilikuwa nalia bila sauti ili dereva asinione. Watu mia na kitu wamependa ile picha. Wengine wameandika "maisha magumu", mwingine ameandika nimelewa.

Nawaambia kitu ambacho mwenyewe sijakimaliza kichwani. Picha ni nzuri. Ni picha pekee niliyonayo ya mwaka ule wote. Niliiomba kwa aliyeipiga, kubwa, nikaichapishe. Hakujibu mpaka leo.

#13 Bibi Kamera
Pole sana baba. Pole kwa mzee na pole kwa hilo la kutojibiwa.

#14 Kinyozi wa Msimbazi
Konda, nimesoma nikiwa na mteja kitini nikasimamisha mashine. Pole kaka. Mimi ninazo za watu waliolala kama kumi. Sijui niseme nini.

#15 Mpenda Tochi
Pole Konda. Lakini tuwe wakweli, angekuamsha akuombe ruhusa, picha isingekuwepo. Na wewe umesema unaipenda. Mimi naona anayestahili lawama ni aliyeandika yale maneno chini na akakaa kimya ulipomwomba. Kupiga si kosa.

#16 Wakili wa Kijiweni
Niongeze upande wa sheria, kwa kifupi, na hili si ushauri rasmi.

Tanzania tuna Katiba ya 1977, ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Uso unaotambulika unaweza kabisa kuwa taarifa binafsi. Kenya wana ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 na sheria yao ya mwaka 2019. Hakuna mahali imeandikwa kwamba kupiga picha mtaani ni marufuku moja kwa moja. Ugomvi huanzia kwenye unachokifanya nayo: ukiibandika kwenye tangazo la biashara bila ridhaa, hapo umejitafutia kesi.

Na nchi hazifanani. New York mwaka 2006 mahakama ilitupa madai dhidi ya Philip-Lorca diCorcia, aliyekuwa amewapiga wapita njia wa Times Square kwa flashi zilizofichwa juu. Mahakama ilisema ni sanaa, si biashara ya matangazo. Ufaransa mtu ana haki juu ya sura yake, na wapigapicha wa mtaani kule wanaijua vizuri sana.

#17 Mswahili wa Matrah
Wakili, huku Oman ndiyo usijaribu kabisa. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2011 inagusa kuingilia faragha ya mtu kwa kamera ya simu. Mimi nakaa Matrah, corniche, barabara ya kando ya bahari, usiku ni nzuri mno, taa za bandari zinakaa juu ya maji, wazee wamekaa ukutani na tasbihi. Napiga migongo tu, na vivuli. Miaka sita napiga migongo. Na nawaambieni, mgongo wa mtu unasema mengi kuliko uso. Kinyozi jaribu.

#18 Mtoto wa Temeke
Kinyozi na migongo tena? Huyu kazi yake ni visogo, anavijua vyote vya Msimbazi.

#19 Kinyozi wa Msimbazi
Visogo navijua kweli 😀 Hata gizani namtambua mteja wangu.

#20 Umeme wa Mtaa
Haya ya migongo yananirudisha kwenye hoja yangu. Kivuli kinataka mwanga unaotoka upande mmoja. Kinyozi, acha kusimama na taa nyuma yako. Simama uielekee taa, mtu awe katikati yenu. Nenda kwenye mishikaki. Pale kuna taa moja ya balbu, kuna moto chini, na kuna moshi. Moshi ndio unaoushika mwanga ukauona umesimama hewani. Watu wa sinema wananunua mashine ya moshi, sisi tunao bure kila kona kuanzia saa 1 jioni.

#21 Nairobi Baada ya Saa Tatu
Salamu kutoka River Road. Nyinyi watu wa Dar mnalia na taa nyeupe, njooni mwone matatu. Huku gari lenyewe ndilo taa: zambarau, kijani, nyekundu, ndani kunawaka kama ukumbi wa densi. Mtu akisimama kwa steji saa tatu usiku, matatu likipita uso wake unabadilika rangi mara nne kwa sekunde mbili. Mimi husubiri ile rangi moja.

Lakini sikubaliani na Umeme wala na Fundi. Nimepiga mahali pamoja, Mtaa wa Tom Mboya, na kamera ile ile, na taa zile zile, mwezi wa kwanza na mwezi wa saba. Januari picha hazina kitu. Julai ziko sawa kabisa. Tofauti ni baridi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, Julai kuna manyunyu, watu wanavaa jaketi, wanainua mabega, wanaingiza mikono mfukoni, wanatembea wakiangalia chini. Mwili ukijikunja, picha inakuwa ya usiku. Dar watu wanatembea wamefungua vifungo saa tano usiku. Joto limewanyima huzuni.

#22 Jicho la Ilala
Joto limetunyima huzuni? Ndugu yangu njoo Februari ukae kwenye daladala la saa 3 usiku, utaiona huzuni ya joto.

#23 Fundi Lenzi
Nairobi, hoja yako ya manyunyu naipokea, ya baridi nina shaka nayo. Kilichobadilika Julai ni lami. Lami kavu inakula mwanga, lami iliyolowa inaurudisha. Ghafla una taa mara mbili, juu na chini, na mtu anakaa katikati kama kivuli. Kwa Dar, hiyo ni masika, Machi hadi Mei, na vuli. Toka dakika kumi baada ya mvua, kabla matairi hayajakausha barabara. Kamera ndani ya mfuko wa nailoni, toboa tundu la lenzi, funga na raba bendi.

#24 Nairobi Baada ya Saa Tatu
Lami haiinui mabega ya mtu, Fundi.

#25 Yakhe wa Mchangani
Assalamu alaykum jamaa. Mie naona nyote mwatafuta mbali. Usiku niliouona katika picha ni ule wa Unguja umeme ulipokatika, Mei na Juni 2008, karibu mwezi mzima, na tena Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Wenye jenereta waliwasha, lakini vichochoroni Mji Mkongwe kulikuwa na koroboi na mishumaa, na wachache wenye karabai.

Nilikuwa na kamera ya filamu, ISO 400, basi. Hapakuwa na cha kushusha wala kupandisha. Nilimpiga bibi mmoja muuza urojo, koroboi iko mezani mbele yake, mwanga unatoka chini unapanda, nusu ya uso na bakuli tu ndivyo vinavyoonekana, zilobaki zote nyeusi. Nilimwomba asitikisike, nikaegemea mlango, nikahesabu mpaka mbili. Alitikisika kidogo mkono wa upawa. Ule mkono umekuwa kama moshi.

Nilimpelekea picha yake wiki mbili baadaye. Aliitazama sana. Hakusema habari ya mwanga wala kivuli. Alisema, "Alhamdulillahi, bakuli langu laonekana safi."

#26 Bibi Kamera
Yakhe, hapo kwenye bakuli safi umenigusa. Hicho ndicho anachokiangalia mwenye picha. Sisi tunatafuta giza, yeye anatafuta heshima yake kama imo.

Ninyi mnaobishana kuhusu kujificha, kumbukeni Malick Sidibé wa Bamako. Miaka ya 1960 alizunguka usiku kwenye sherehe za vijana na flashi yake, asubuhi anasafisha filamu, siku zinazofuata vijana wanakuja studio kujitafuta kwenye vipande vidogo vilivyobandikwa na kuagiza vyao. Hao hawakuwa wageni kwake tena. Kila picha ilirudi kwa mwenyewe. Mwaka 2003 akapewa Tuzo ya Hasselblad, na 2007 Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho ya sanaa ya Venice.

#27 Mpenda Tochi
Bibi, Sidibé alialikwa sherehe. Kinyozi anapiga mtu asiyemjua kichochoroni. Ni vitu viwili.

#28 Bibi Kamera
Kweli ni viwili. Ndiyo maana nasema arudi kesho yake na picha mkononi.

#29 Mtoto wa Temeke
Yakhe, urojo wa wakati ule uliwekwa bajia za dengu au za kunde? Naomba jibu, huku nyumbani tunagombana.

#30 Yakhe wa Mchangani
Vyote viwili, na kachori, na chipsi za muhogo juu. Anokwambia kimoja tu hajala urojo.

#31 Mama Lishe Gerezani
Habarini. Mwanangu ndiye alinionyesha uzi huu, namwambia aniandikie.

Mimi nauza wali na maharage usiku kwa wapakiaji mizigo, mtaa wa Gerezani hapa jirani na Kariakoo, mwaka wa kumi na mmoja. Hawa wenye kamera nawaona. Wanasimama ng'ambo ya barabara na lenzi ndefu wanadhani hatuwaoni. Mtu anayefanya biashara usiku anaona kila kitu, asipoona ataibiwa. Tunapokaa kimya si kwamba hatujui. Tunapima kwanza huyu ni nani, mwizi, mgambo, au mtu wa kawaida.

Unavyotusogelea ndivyo tutakavyotokea. Akija mtu akakaa kwenye benchi akala sahani moja, akiinua kamera baadaye mimi sigeuki hata kidogo, naendelea kukoroga. Akisimama mbali nitamkazia macho, na huo uso ndio mtakaouona kwenye picha yenu, mseme watu wa usiku wana huzuni. Ni uso wa kumkagua mgeni.

#32 Jicho la Ilala
Mama, shikamoo. Nimefunga hoja yangu ya kujificha mpaka nifikirie upya.

#33 Mama Lishe Gerezani
Marahaba mwanangu. Na mje na hela ndogo, chenji usiku ni shida.

#34 Kinyozi wa Msimbazi
Nimerudi wakuu. Jana nilitoka na yote mliyonipa. Nimeshusha hatua mbili kama #2, nikaielekea taa kama #20, na mvua iliponyesha nikasubiri dakika kumi kama #23.

Picha mbili zina usiku. Moja ni ya mgongo wa msukuma mkokoteni pale Lumumba, lami inang'aa, yeye ni mweusi mtupu, mvuke unatoka kwenye shati lake. Ya pili ni ya yule muuza kahawa wa makaa mawili. Safari hii nilikaa. Nilikunywa vikombe vitatu na kashata. Nikamwambia ninachotaka kufanya. Akasema sawa, ila subiri niweke birika vizuri. Akaliweka vizuri. Nikapiga alipoanza kulisahau.

Sasa sielewi ni kipi kilichosaidia. Kwa sababu ile ya kahawa niliisahau kwenye otomatiki, sikushusha kitu, na kibanda chake kiko chini kabisa ya LED nyeupe ya duka. Kwa hesabu zenu ilitakiwa itoke kama mchana. Ila ina usiku kuliko ya mkokoteni.

Jambo jingine. Za wale watu kumi waliolala nimezitoa kwenye ukurasa wangu. Sijazifuta, ziko kwenye diski. Wawili nawajua wanapolala, nitawapelekea.

Na tatizo jipya: picha kadhaa zina mistari ya giza imekatiza kama shuka la michirizi, hasa karibu na maduka ya simu. Kamera imeharibika?

#35 Nairobi Baada ya Saa Tatu
Mvuke kwenye shati. Si nilisema ni hali ya hewa?

#36 Muuguzi wa Zamu
Vikombe vitatu ni kama nusu saa umekaa pale. Macho yalikuwa yameshazoea, ukachagua sehemu ambayo kabla ya hapo usingeiona. Mimi nabaki hapo hapo.

#37 Mama Lishe Gerezani
Alikaa akanywa. Basi.

#38 Konda Mstaafu
Kinyozi, asante kwa hao wawili. Wakikubali, waulize majina yao uandike nyuma ya picha. Majina tu, usiandike kitu kingine.

#39 Fundi Lenzi
Kamera yako ni nzima, Kinyozi. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa za LED za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila shata, kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, ikikimbia, sehemu moja ya picha inapata mwanga na nyingine inakosa. Kasi ya shata uliweka ngapi?

#40 Kinyozi wa Msimbazi
Nyingi ni 1/500 ya sekunde, nilikuwa naogopa kutikisika.

#41 Umeme wa Mtaa
Shuka mpaka 1/100, kule shata inakula pepesa moja nzima, au 1/50 inakula mbili. 1/60 iache, haigawanyiki. Zile mbao za matangazo zenye maandishi yanayotembea zina mapigo yake mengine, hizo utazijaribu moja moja. Na kwa f/1.8 ukiwa mita tatu, eneo linaloonekana wazi bila ukungu ni kama robo mita tu, akiinama mbele umempoteza. Mwambie muuza kahawa aegemee ukuta.

#42 Kinyozi wa Msimbazi
Hana ukuta. Ana nguzo.

#43 Umeme wa Mtaa
Nguzo ya barabara ya pembeni ya duka la vitambaa? Taa ya pale ina kasoro tangu mwezi uliopita, inawaka nusu. Basi ndiyo maana.

#44 Fundi Lenzi
Inawaka nusu?! Kinyozi, wahi leo kabla hawajaitengeneza.